Disketi ya Mwalimu Kasera

Kijana aliyekuwa akitufundisha alituonya tusichomeke flashi za ovyo kwenye kompyuta za semina, zitaleta virusi. Walimu wote wakacheka, nami nikacheka nao. Tulikuwa Homa Bay, walimu wa hesabu na sayansi kutoka kila pembe ya kaunti, tukionyeshwa namna ya kuchora grafu kwa tableti na kuimulika ukutani kwa projekta. Simu yangu ikatetema juu ya meza. Ujumbe ulitoka kwa mwenzangu wa zamani wa darasani: Japuonj Kasera, yaani Mwalimu Kasera, amefariki, mazishi ni Jumamosi, kwao Mfangano. Nilitoka nje hadi kwenye varanda, nikashika ukuta. Kupitia dirishani nilimsikia yule kijana akisema tena, "Virusi ni kitu kidogo, lakini vinaharibu kila kitu," na wenzangu wakajibu "Ndiyo" kama watoto wa darasa la pili. Nina miaka inayokaribia hamsini, nimefundisha wanafunzi wengi, na nadhani hakuna aliyewahi kuniona nikilia kazini. Siku hiyo nililia mpaka mhudumu wa hoteli akaniletea maji.

Habari za wazazi wangu nitaziacha. Hawakuhusika na mwaka huu ninaousimulia, na mengi yaliyotokea sikuwaambia kamwe. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya mseto upande wa Ndhiwa, iliyozungukwa na miwa pande tatu. Bweni letu sisi wasichana lilikuwa darasa kuukuu lenye harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya kipande. Asubuhi tulikunywa uji, mchana nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, jioni ugali na sukuma wiki, na Ijumaa omena, wale dagaa wa ziwani. Maabara ilikuwa na meza nne, mizani moja iliyopinda na chupa za kemikali ambazo hakuna aliyethubutu kuzifungua. Humo ndimo ilimoletwa kompyuta, kwenye pikapu ya kanisa, imefungwa kwa blanketi mbili utadhani ni mgonjwa. Mfadhili mmoja alikuwa ameitoa. Shule nzima ilitoka ikaimba. Mchungaji aliiombea kwa muda mrefu, na mpishi mkuu, Min Akoth, akaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, sawa na vile alivyofunikia redio nyumbani kwake. Amri ikatoka kwamba hakuna kuingia maabara na viatu. Tulivipanga mlangoni, na soksi zetu zilizotoboka zikatutia aibu mbele ya wavulana.

Aliyejua kuiwasha alikuwa mmoja tu, Mwalimu Kasera, aliyetufundisha hesabu na fizikia. Alikuwa mtu mwembamba tangu nimjue, mrefu, mwenye kukohoa kwa sababu ya chaki, na mashati yake yalikuwa na vumbi jeupe mabegani kila saa. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia akijifungua, na kile kichanga hakikupona. Alibaki na binti mmoja, Awino, wa miaka minne hivi, ambaye alimleta maabara kila mchana kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwachia. Mtoto huyo aliketi kwenye stuli nyuma yetu akichora kwenye karatasi zilizoharibika. Umeme haukuwepo. Kanisa lilituazima jenereta yake Jumatano na Ijumaa baada ya masomo, na petroli aliinunua Mwalimu mwenyewe. Ikishanguruma, alifunua kitambaa cha Min Akoth, akakikunja mara nne, akakiweka mfukoni kwa heshima zote, ndipo akabonyeza kitufe.

Kabla ya mashine hiyo, grafu kwangu ilikuwa adhabu. Ulipewa karatasi ya miraba, ukakokotoa thamani tisa za y kwa kichwa kinachouma, ukaweka nukta, ukaziunganisha kwa mkono, na ukikosea moja tu, mchoro wote unakwenda mrama. Sasa Mwalimu aliniketisha mbele ya kibodi akaniambia niandike y sawa na x mara x. Mstari ukajichora wenyewe, ukashuka, ukagusa chini, ukapanda. "Badilisha namba," akasema. Nikaandika mbili mbele ya x. Ule mkunjo ukabana. Nikaandika nusu, ukapanuka kama sufuria. Nikaweka alama ya kutoa, ukapinduka juu chini, na nikapiga kelele. "Usiniulize mimi kwa nini," Mwalimu alisema akicheka. "Wewe ndiye umeipindua. Tuambie." Nikawaambia. Nilisimama mbele ya wavulana wale walioniita jina la mnyama kwa sababu ya soksi zangu, nikawaeleza kazi ya kila namba, na siku hiyo ndipo nilipojua nitakuwa mwalimu. Wiki iliyofuata alinipa ufunguo wa maabara niutunze. "Huyu," aliwaambia wenzangu, "ndiye daktari wa hii mashine nikiwa sipo."

Programu ile ya grafu ilikuwa kwenye disketi aliyoinakili Migori, katika ofisi moja ya kupiga chapa ambapo alikuwa na rafiki. Kila mwisho wa mwezi alikwenda huko na kurudi na kitu kipya: mchezo wa kujumlisha, picha ya moyo unaodunda. Awino alipenda ule moyo. Basi Jumatano moja ya muhula wa pili tulikuwa tumejazana mbele ya kioo, Mwalimu akituonyesha orodha ya vilivyomo kwenye disketi, mara herufi moja ikang'oka mahali pake ikaanguka hadi chini. Ikafuata nyingine. Kisha zikaanza kuanguka kwa wingi na kurundikana chini ya kioo kama mahindi yanayopukuchuliwa. Tulipiga makofi! Tulikuwa tumetoka kusoma mvutano wa dunia wiki hiyo hiyo, na tulidhani ndilo somo lenyewe. Hata Mwalimu alicheka mwanzoni. Halafu akabonyeza hiki, akabonyeza kile, na kicheko kikamwisha usoni.

Fundi alikuja kutoka Kisumu baada ya wiki mbili, Jumatano, kijana mwenye tai na mkoba, na kanisa likatuletea jenereta mapema. Nilibaki maabara kwa sababu mimi ndiye mwenye ufunguo. Hakuchukua hata saa moja. "Mwalimu, hii mashine yenu iko na virusi," alisema. "Na imetoka kwa hii disketi. Nani aliileta?"

"Ni mimi," Mwalimu alijibu. "Niliinakili Migori."

"Basi ni wewe umeambukiza hii, pole. Lakini si mbaya, inatibika." Fundi akaisafisha kompyuta, akaisafisha disketi, kisha akachukua kalamu ya wino mzito akaandika juu ya lebo: IMEPIMWA. HAINA VIRUSI. Mwalimu alikuwa ameshaitwa darasani, kwa hivyo fundi alinipa mimi nimpelekee. Niliitia mfukoni mwa sweta.

Kati ya maabara na madarasa kulikuwa na jikoni. Min Akoth alikuwa akichochea nyoyo kwa mwiko mrefu kama kasia, akaniita dirishani. Alinipenda mama huyo. Aliniwekea ukoko wa ugali kila jioni. Hakujua Kiswahili kingi, nasi tuliongea Kijaluo. Akaniuliza ile redio yenye kioo ina shida gani. Nilikuwa msichana aliyejaa majivuno ya elimu mpya, na sikutaka kusema tu kwamba imeharibika. Nilitafuta neno la virusi katika Kijaluo, na nilikuwa nalo moja tu, lile tulilolisikia kila wiki kwa watu wa afya waliokuja kutuhubiria habari za Ukimwi: kute. Nikamwambia, "Japuonj ema okelo kute." Mwalimu ndiye aliyeleta vijidudu. Niliongeza kwamba fundi amepima na kuthibitisha. Min Akoth aliacha kuchochea. "Amepimwa?" akauliza. "Amepima kila kitu," nilijibu, nikaondoka mbio kwa sababu kengele ilikuwa imelia.

Ni lazima msomaji akumbuke miaka ile ilivyokuwa huko kwetu. Kila Jumamosi kulikuwa na mazishi, na Jumamosi nyingine matatu kwa mpigo. Dawa hazikuwepo. Hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina, na mtu aliyekonda hakuhitaji kuambiwa anachofikiriwa. Mwalimu alikuwa mwembamba, alikohoa, mkewe alikuwa kaburini na kichanga chake pia. Neno langu liliwapa watu kile walichokuwa wakikisubiri. Siku iliyofuata, chai ya saa nne ilipopelekwa ofisi ya walimu, kikombe chake cha bati cheupe kilikuwa na doa jekundu upande wa mkono, rangi iliyobaki baada ya kuandikia namba za viti. Min Akoth alikipaka mwenyewe ili kisichanganyike na vingine. Nilikiona nilipopeleka madaftari, na sikuelewa. Ijumaa wasichana wawili wakakataa kugusa kibodi. Jumatatu mtu akanong'ona bwenini kwamba Kasera ameleta ugonjwa shuleni, fundi wa Kisumu ndiye aliyempima kwa mashine. Hapo ndipo nilipoelewa.

Nilikuwa na disketi. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba sikuwa na neno tu bali na ushahidi, umeandikwa kwa wino mzito, umelala mfukoni mwa sweta yangu. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nitampelekea. Lakini kumpelekea kulimaanisha kumwambia kwa nini nimechelewa, na kumwambia hilo kulimaanisha kukiri kwamba ni mimi. Nilimwona akifundisha huku madawati ya mbele yakiwa matupu. Aliandika ubaoni vizuri kama kawaida, akageuka, akauliza swali, na alipokosa mkono wa kujibu aliniangalia mimi. Nilikuwa najua jibu, na niliinamia daftari. Nilijiambia mambo yatapoa yenyewe.

Wazazi waliitwa kwenye kikao katika bwalo. Nilikuwa jikoni nikisuuza vikombe na Min Akoth, na kati yetu na bwalo kulikuwa na dirisha tu la kupitishia chakula, limefungwa kwa ubao. Tulisikia kila kitu. Mwenyekiti wa wazazi alisema kwa sauti ya upole, "Sisi hatumfukuzi mwalimu. Tunasema tu apumzike nyumbani. Hawa ni watoto wetu." Mama mmoja akasema mtoto wake anatumia ile mashine, atashika jasho la mwalimu. Wengine wakaguna. Kisha nikamsikia Mwalimu Kasera. Hakupaza sauti.

"Mnasema mimi ni mgonjwa. Nani alinipima?"

Mwenyekiti akarudia kwamba apumzike tu.

"Mimi nauliza tu. Hii neno ilianzia wapi? Aniambie mtu mmoja, hata mtoto, nitamshukuru."

Nilikausha mikono kwenye sketi. Niliitoa disketi. Ilikuwa hatua nane hadi kwenye mlango wa bwalo, nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Min Akoth alinishika kifundo cha mkono, na nikaona machoni mwake kwamba naye alishaelewa, pengine siku hiyo, pengine kabla. "Nyathina," alisema, mwanangu, "ukiingia pale watakuuliza ulijuaje mambo yake. Watauliza mlikuwa mkifanya nini, wewe na yeye na ufunguo. Watasema na wewe unavyo hivyo vijidudu. Utaolewa na nani?"

"Lakini si kweli."

"Nani amesema ukweli unatakiwa pale?" Alikuwa akilia. "Suuza vikombe."

Nilisuuza vikombe. Ng'ambo ya ubao, nilisikia kiti kikisogezwa na nyayo za Mwalimu zikitoka.

Aliondoka Alhamisi asubuhi. Alikuwa na baiskeli, godoro limefungwa nyuma, na Awino ameketi kwenye chuma cha mbele akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Alipita jikoni akaomba kikombe chake. Min Akoth alikitoa kwa ncha ya leso, kidole chake kisikiguse, na Mwalimu aliona jambo hilo, nami niliona kwamba ameliona. Alikipokea kwa mikono miwili. Mtoto akauliza ile nyekundu ni nini. Mwalimu aliligeuza lile doa upande wa jua. "Hii?" akamwambia. "Hii wameniwekea kwa heshima, ni kikombe cha mwalimu wa hesabu, asikitumie mtu mwingine. Sasa ni chako." Awino akakumbatia kikombe. Ndipo Mwalimu aliponiona dirishani. "Adhiambo," aliniita, "endelea na grafu. Na ufunguo usimpe mtu." Akapanda baiskeli, na wakapotelea kwenye miwa.

Kompyuta ilikuwa nzima kabisa, nadhani nilishasema. Ilitibiwa kwa mchana mmoja, na hakuna aliyeiogopa tena baada ya yeye kuondoka. Karani aliihamishia ofisini akaitumia kupiga chapa barua. Hatukupata mwalimu mwingine wa fizikia hadi tulipofanya mtihani wa mwisho. Nilijisomea hesabu peke yangu kwa hasira, nikapita, nikawa mwalimu. Nimefundisha mkunjo ule kwa chaki, kwa chati za manila, na sasa kwa tableti, na kila mwanafunzi anapoupindua akapiga kelele, mimi hugeukia dirisha kidogo.

Mfangano nilifika Jumamosi saa nne, nikiwa na disketi kwenye mkoba. Walikuwepo watu wengi, mahema mawili, na programu ya mazishi iliyochapwa kwa rangi. Niliisoma nimesimama. Ilisema marehemu alikuwa fundi hodari wa redio na simu, kwamba aliwafundisha watoto wa jirani hesabu bure kibarazani kwake, na kwamba alifariki kwa shinikizo la damu akiwa na zaidi ya miaka sitini. Kuhusu shule yetu kulikuwa na mstari mmoja: alifundisha kwa muda, kisha akarudi nyumbani kwa hiari yake. Alikuwa ameishi karibu miaka thelathini baada ya sisi kumzika. Hakuwa na ugonjwa wowote. Wengi waliokaa katika kikao kile walitangulia kabla yake, na Min Akoth pia, Mungu amrehemu.

Baada ya maziko Awino aliniingiza ndani. Ni mama wa watoto watatu sasa, mrefu kama baba yake, na alinitambua kwa jina tu. "Wewe ndiye Adhiambo wa ufunguo!" alisema, akanishika mikono yote miwili. "Baba alikuwa anakutaja. Akifundisha wale watoto wa jirani, alisema kulikuwa na msichana mmoja Ndhiwa aliyepindua grafu." Aliniketisha, akainua chupa ya chai, na kutoka kwenye kabati ya kioo, juu ya kitambaa cha kufuma, akatoa kikombe cha bati. Kingo zake zilikuwa zimemeguka. Doa lilikuwa palepale, jekundu. "Hiki hatukitumii ovyo," alisema akinimiminia. "Ni cha wageni wa Baba wa heshima. Shule ilimwekea alama hii kwa sababu alikuwa mwalimu wa hesabu. Ni kitu pekee walichompa."

Nilikunywa chai yote. Ilikuwa moto na ilikuwa na sukari nyingi. Nilipaswa kuishia hapo. Ningemshukuru, ningemkumbatia, ningepanda boti kurudi Mbita na siri yangu, na yeye angebaki na kikombe chake. Lakini nilikuwa nimebeba neno lile karibu miaka thelathini na nilitaka kulitua, na kwa kutaka kwangu sikufikiri ninalitua juu ya nani. Nikatoa disketi nikaiweka mezani, nikamsimulia. Nilimwambia habari za fundi, kute, dirisha la jikoni, hatua nane. Aliniacha niseme. Aliichukua disketi akasoma lebo, maneno yale yaliyopauka, akairudisha mahali pake.

"Kwa hivyo hii rangi," alisema.

"Ndiyo."

"Si heshima."

"La, Awino. Si heshima."

"Na ulikuwepo akiniambia."

"Nilikuwa dirishani."

Hakulia wala hakunifukuza. Alichukua kikombe akatoka nacho nyuma ya nyumba, kwenye kichanja cha vyombo. Kupitia mlango uliobaki wazi nilimwona akichota majivu kwa kiganja, akachovya sufi ya chuma, akaanza kusugua. Alisugua kwa nguvu, akasuuza, akaangalia, akasugua tena. Mtoto wake mdogo alimwendea akamuuliza anatoa nini, naye akachota majivu mengine. Nilikaa na disketi mapajani. Rangi ile ni ya mafuta, ndiyo tuliyoandikia viti vya shule, na viti vile vina namba zake mpaka leo. Nilipaswa nitoke nikamwambie kwamba haitoki. Nilibaki nimeketi, nikimsikiliza akisugua.